Nilisoma Majina Manne

Mmeniuliza dawa ya sauti. Kila kijana anayetaka kutafsiri filimu huanzia hapo, kana kwamba kazi hii inafanywa na koo. Haya, nawajibu upesi tuendelee: maji ya vuguvugu yenye tangawizi, na karanga usiziguse tangu asubuhi. Chembe moja ikikukwama kooni wakati polisi anamfukuza mwizi, ukumbi mzima utamsikia polisi akikohoa. Hilo limenipata, na watu walikaa wakingoja polisi afe kwa kifua kikuu.

Mimi nilishika mikro, yaani kipaza sauti, zaidi ya miaka ishirini katika ukumbi wa Papa Sadiki, hapa Kalundu, karibu na bandari. Ninyi wa leo mnatafsiri chumbani. Mnakosea, mnafuta, mnarudia, kisha filimu inaingia kwenye simu na mtu anaitazama peke yake juu ya pikipiki huku akingoja abiria Luvungi. Siwaonei wivu, ila kidogo. Sisi hatukuwa na kufuta. Neno likishatoka, limetoka, na waliolisikia wamekaa mbele yako, unawaona nyuso.

Ukumbi wenyewe ulikuwa wa mbao na mabati, mabenchi yasiyo na mgongo, televisheni mbili, na jenereta nje upande wa ziwa. Mikro ya kwanza ilikuwa inapiga shoti. Nilijifunza kuifunga kitambaa na kuvaa kandambili, na bado kuna majenerali niliowatafsiri kwa ukali usiokuwa wao, kwa sababu umeme ulikuwa umenipiga.

Aliyenifundisha ni Mzee Yona. Yeye alianzia kanisani, akiwatafsiria wahubiri wageni, ndiyo maana majambazi wake wote walitubu kabla ya kufa. Kifaransa nilikipata kwa masista, Kiingereza nilikiokota kambini Tanzania wakati wa ukimbizi, lakini kusema mbele za watu nilifunzwa naye. Alinipa sheria mbili. Ya kwanza, majina ya kigeni yaache mlangoni, maana mtu hawezi kumlilia mtu ambaye jina lake halimkai mdomoni. Kwa hiyo filimu zote tulizipa majina ya kwetu. Mchina alikuwa Ramazani, Mmarekani alikuwa Mushi au Zabuloni, na hakuna aliyelalamika. Ya pili aliisema kwa upole, kama vile haina uzito: "Mutu akikufa mu filimu, weye funga kinywa. Kunywa maji. Acha batu baone."

Sheria ya kwanza niliishika kuliko yeye mwenyewe. Ya pili nitawaambia nilivyoifanya.

Lakini kwanza niwape kosa la kucheka, msije mkadhani kazi yangu ilikuwa matanga matupu. Mwezi wangu wa kwanza tulionyesha filimu ya vita vya zamani. Ofisa akainua upanga, akawapigia kelele askari wake wenye bunduki: "Faya!" Nami, mgeni wa kazi, nikalitafsiri neno kama lilivyo kwenye kamusi. Nikapaza sauti: "Moto!" Fikirini wenyewe. Ukumbi wa mbao, petroli nje, mlango mmoja. Mabenchi matatu yalivunjika, na mzee mmoja alitokea dirishani akitanguliza kichwa. Papa Sadiki alinitafuta ukumbini kwa hasira asinione, kwa sababu nilipoona watu wote wanakimbia, mimi nami nilikimbia.

Nilicheka miaka mingi kwa ajili ya siku ile. Baadaye sana ndipo nilipoelewa kwamba ilikuwa inanionya. Sauti ya mikro ilikuwa inainua watu kwenye mabenchi kabla hawajafikiri, hata mwenye sauti hiyo.

Sasa tuje kwenye akteri. Ninyi mnasema shujaa, wengine wanasema staa. Ukumbini kwetu aliitwa akteri, na kulikuwa na sheria moja ambayo hata watoto wa kunyonya waliijua: akteri hakufake. Maana yake, yeye hafi. Atapigwa risasi saba, ataanguka kutoka ghorofani, atazikwa mzima, lakini mwisho wa filimu atasimama na kujifuta vumbi. Filimu ikivunja sheria hiyo, watu walivunja mabenchi. Papa Sadiki alikuwa mtu mwema mwenye mabenchi machache, kwa hiyo alikuwa na sheria yake juu ya ile sheria: kama akteri anakufa, zima kabla hajafa.

Filimu ya wanafunzi ilitufikia wakati mbaya. Vilima vilivyo juu ya mji vilikuwa vinasikika. Asubuhi ungesikia mlio huko juu ukasema ni radi, kisha ukatazama mbingu ukaiona nyeupe. Makundi yalikuwa mengi, kila moja na jina lake na sababu yake, na kila moja lilisema linalinda watu wake. Sitayataja. Wengine wana wajukuu hapa mjini, na mimi bado nakwenda sokoni.

Filimu ilitoka nchi za mbali za mashariki, na maandishi ya Kiingereza chini. Darasa la mwisho la sekondari, wamebakiza mtihani, vita vinafika kwenye shule yao. Wakubwa wamekimbia. Mwalimu wao na ofisa mmoja aliyejeruhiwa wanawapa bunduki, wanawapeleka kulinda daraja katikati ya mashamba ya mpunga, wakiwa bado na mashati meupe ya shule. Mara tu mpunga ulipoonekana, mtu nyuma akasema hiyo ni Bwegera, kwenye mpunga wetu wa bondeni. Ukumbi mzima ukakubali. Basi nami nikaihamisha. Daraja likawa daraja letu, bonde likawa bonde letu, na akteri, kijana mmoja mwenye macho makubwa, nikamwita Bahati. Bahati alibeba kikopo chake cha bikari, kile cha vyombo vya jiometri, kwenye mfuko wa shati, na katikati ya filimu kikopo kinazuia risasi. Nimeshuhudia watu wakisimama kwa sababu ya bao, lakini sijaona watu wakisimama vile kwa sababu ya bati.

Mwisho wake ulikuwa mbaya. Bahati anaangukia kwenye maji ya mpunga, anakufa polepole. Nilikuwa nimeutazama nyumbani kwa Papa Sadiki na nililia. Yeye akatikisa kichwa, akasema nizime pale anapoanguka. Nikazima. Na kwa sababu watu walikuwa wameduwaa mbele ya kioo cheusi, nikaongeza maneno yangu mwenyewe. Nikasema Bahati hajafa, amezimia tu, ofisa amembeba mgongoni kumpeleka hospitali, atapona, atafanya mtihani wake na atapasi. Watu walipiga makofi mpaka vumbi likatoka kwenye mabati. Nilijisikia vizuri, wanangu. Nilijiona nimemfufua mtu.

Tuliionyesha filimu ile majuma kadhaa. Kila alasiri benchi la mbele lilijaa wanafunzi watano wa mwaka wa mwisho, wakitoka shuleni moja kwa moja na mashati yao meupe. Kashindi, Yeremia, Heri, Lwaboshi, na wa tano alikuwa Byamungu. Huyu alikuwa mtoto wa marehemu dada yangu. Nilimlea tangu ana miaka minne, na aliniita mama mdogo. Hakuwa na mtu mwingine, nami sikuwa na mwingine.

Mlangoni kwetu aliuza mandazi mama yake Kashindi. Ndiye aliyeniambia kuna mtu mwenye kofia nyeupe anayewanunulia wanafunzi wale mandazi kila filimu ikiisha, na kuzungumza nao kwa muda mrefu. Yeye alidhani ni kocha wa mpira. Mimi nilimtazama siku mbili nikajua si mpira. Kocha hutazama miguu ya vijana, na huyu alikuwa anatazama nyuso. Kisha nikagundua kwamba wote watano wametia vikopo vya bikari kwenye mifuko ya mashati yao, upande wa moyo.

Jumamosi mchana nilifungua mfuko wa shule wa Byamungu. Madaftari hayakuwemo. Kulikuwa na mashati mawili, sabuni, na sweta aliyoiacha dada yangu. Sweta ya nini huku ziwani kwenye joto? Huko juu vilimani ndiko kuna baridi. Alinikuta nimeishika. Nilimuuliza wanakwenda lini na ni nani wengine, akasema tu wanakwenda kulinda watu. Nikamwambia ukweli: Bahati alikufa. Nikamweleza alivyokufa, na maji, na mpunga, na jinsi nilivyozima.

Alinitabasamia kwa huruma, kama mtu mzima anavyomtabasamia mtoto.

"Mama mudogo, weye mwenyewe ulisema hakukufa," akaniambia. "Batu bote balisikia. Sasa uko unaniongopea juu nibakie."

Miaka yote ile nilikuwa nimewafundisha watu waamini mikro, na sasa nilikuwa jikoni sina mikro. Nilimfungia mlango kwa kufuli, akatoka dirishani. Kijana wa miaka kumi na minane humfungii. Nilimwendea mama Kashindi nikamwambia mwanao naye huenda anaondoka, akacheka mpaka akashika mbavu. Kashindi? Yule anayeogopa hata kuku? Mtauliza mbona sikwenda kwa wakubwa. Wakubwa gani? Siku zile hukujua nani anakula sahani moja na nani.

Jioni yake yule wa kofia nyeupe alikuja kwa Papa Sadiki akaomba filimu irudiwe Jumapili saa tisa, kwa ajili ya vijana. Kisha akanisalimia kwa adabu, akauliza habari za nyumbani, akasema anapafahamu, ule mlango wa buluu nyuma ya kisima.

"Mama, filimu iko muzuri vile iko," akasema. "Usiiongeze mukia."

Papa Sadiki alisahau hata kufunga kufuli la ukumbi. Aliniomba nizime mahali petu pa siku zote. Nilimwambia sawa, nami nilipomwambia hivyo nilikuwa namaanisha. Nilikuwa naogopa kama yeye.

Jumapili ukumbi ulijaa. Watano walikaa benchi la mbele, mifuko yao ya shule miguuni, imevimba. Yule mtu alikaa benchi la tatu, pembeni. Nilitafsiri vizuri siku ile, na najua ni vibaya kusema hivyo. Mkono ulinitoka jasho mpaka kitambaa cha mikro kikalowa. Kila tukio lililopita lilikuwa linanisogeza kwenye lile moja, na kidole changu kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kuzima. Bahati akaanguka kwenye maji. Papa Sadiki akanitazama. Nikamtazama Byamungu, naye alikuwa ameshajiandaa kupiga makofi, viganja vimeachana kidogo. Niliona vile viganja nikaondoa kidole.

Filimu ikaendelea. Sikuongeza hata neno. Nilisema yale tu aliyoyasema yule kijana ndani ya maji, kwa sauti ndogo, bila kuigiza. Anasema anasikia baridi. Anasema mama, viatu vya shule vimelowa, usinigombeze. Anasema hivyo mara mbili, halafu hasemi tena.

Mnadhani walilia? Walizomea. Mtu alipiga kelele kwamba akteri hakufake, wakamfuata wengine, wakapiga mabenchi kwa miguu. Kashindi aligeuka akacheka, akawaambia wenzake kwamba mama wa mikro ameongopa, ameongeza mkia. Hata mauti yalikuwa hayaaminiki tena kinywani mwangu. Nilimwona yule wa kofia nyeupe akitabasamu chini ya kofia yake.

Kwenye kioo asubuhi ilikuwa imefika. Mwalimu anarudi peke yake katika darasa lenye tundu ukutani, anafungua daftari la mahudhurio na kuita majina. Majina matano. Akiita moja, kamera inaonyesha dawati tupu. Majina yalikuwa ya kigeni, na kazi yangu, mnakumbuka, ilikuwa kuyapa majina ya kwetu.

Sikupanga. Naapa sikupanga. Mdomo wa mwalimu ulifunguka nami nikaita: Kashindi. Dawati tupu. Mwalimu akangoja. Nikaita: Yeremia. Kelele za mabenchi zikapungua. Heri. Hapo ukumbi ukawa kimya kabisa, maana kwetu mtu mzima hamtaji mtu aliye hai kati ya waliokufa. Ni kumchimbia kaburi. Nilijua, na niliita: Lwaboshi.

Mlangoni mama Kashindi alikuwa amesikia jina la mwanawe, na ukimya uliofuata. Hakujua kama ni filimu. Hakungoja kujua. Alitupa karai la mandazi, akapiga kilio. Ninyi mmekulia hapa, hamhitaji niwaeleze. Mama akilia vile hakuna anayeuliza nani amekufa. Watu hukimbia kwanza. Wanawake waliokuwa wanaanika ndagala ufukweni walikuja na mikono yao yenye samaki, wakaziba mlango wote. Mama Kashindi aliingia akamkuta mwanawe mzima kwenye benchi, akampiga kofi kwa kuwa mzima, akamkumbatia, akampiga la pili, kisha akaona mfuko na kumwaga vilivyomo. Aliona sweta. Hakuna mwanamke aliyehitaji kuambiwa tena. Waliwashika wale vijana kwa kola za mashati, mama na shangazi na jirani, wakawatoa kama watu wanaotoa vyombo kwenye nyumba inayoungua. Halafu mama Kashindi alinijia mimi, akanipiga kofi mbele ya ukumbi mzima.

"Umeita mutoto wangu na batu bamekufa," akasema.

Nilikuwa natafuta benchi la mbele kwa macho. Lilikuwa tupu. Benchi la tatu pia. Tangu siku ile ya "Moto!" Papa Sadiki alikuwa ametoboa mlango mdogo upande wa jenereta, na ulikuwa wazi. Wengine wote walikuwa na mama mlangoni. Byamungu mama yake alikuwa mimi, na mimi nilikuwa nimeshika mikro.

Nilikimbia mpaka barabara kuu. Kijana wa pikipiki aliniambia wamepita wawili wamepakizana, wakielekea bondeni. Nilifika Bwegera siku ile, na Luvungi kesho yake, nikauliza kila kituo. Hakuna aliyeona kitu. Mlango wangu wa buluu haukuguswa. Nadhani yule mtu hakuwa na hasira nami sana, kwa kuwa hakuondoka mikono mitupu.

Miaka imepita. Byamungu hajarudi, na hakuna aliyetuletea mwili wala habari. Sikuacha kazi, mtu lazima ale. Nilitafsiri filimu za karate na za mapenzi na za majoka, na kila mtu alipokufa kwenye kioo nilinyamaza nikanywa maji, na watu wakazoea. Mama Kashindi hakunisemesha mwaka mzima. Siku Kashindi alipopasi mtihani wa serikali aliniletea mandazi kwenye sahani iliyofunikwa, akaiweka mezani, akalia, nami nikalia.

Kuna jambo sijawaambia, na ndilo lililonifanya nikubali kuongea nanyi. Majina yalikuwa matano. Mwalimu alifungua mdomo mara ya tano, na dawati la tano likaonekana, nami sikutafsiri. Majina ya watoto wa wenzangu niliyaita manne bila kutetemeka. La mtoto wangu liliponifikia ulimini, nikaona nitamchimbia kaburi, nikalimeza. Ni kitambo kidogo sana. Nilidhani hakuna aliyehesabu.

Kashindi alikuja kwangu majuma matatu baada ya siku ile, akakaa kizingitini. Nilimuuliza kama Byamungu alisema neno lolote kabla hajatoka. Alikataa kwanza. Nikamwambia yeye sasa ndiye mikro, aseme kama ilivyosemwa, asipunguze.

Akasema Byamungu alimshika bega wakati mama zao wanaingia, na alikuwa anacheka kwa furaha.

"Alisema hivi: Umesikia? Bote mumeitwa, miye hapana. Mama mudogo anajua mwisho ya hii filimu."

Mimi sikujua mwisho wowote. Nilikuwa naogopa tu.